Buluu ya Kwenye Simu

Nakiri sasa, baada ya kukataa kwa miaka mingi: mimi ni mtu wa kupapasa vitambaa. Naingia katika duka la Old Town, Lilongwe, bila haja ya kununua chochote, nasubiri mwenye duka ageukie mteja mwingine, kisha nasugua ncha ya kitenge kati ya vidole viwili kama mtu anayeonja unga. Nanusa. Nikiwa na hakika kwamba hakuna anayenifahamu, nalamba kidole, nasugua rangi, natazama kama imeachia. Wanawake wengine wa kambi yetu ya Dzaleka, hapa Malawi, hufanya hivyo hadharani, huku wakimtukana mwenye duka. Mimi nilijificha nyuma ya marobota, kwa sababu nilisoma chuo kikuu, na mtu aliyesoma chuo kikuu hatarajiwi kuonekana akilamba bidhaa ya mwenzake.

Kwa watu nilijieleza kwamba vitu vimenitoka moyoni. Vitabu vyangu viko kwenye simu, Biblia iko kwenye simu, hata saa ya ukutani niliigawa. Niliwahi kuandika makala ndefu kuhusu jambo hilo, nikidai kwamba mkimbizi ndiye wa kwanza kuielewa dunia mpya, kwa kuwa alishajifunza kubeba mali yake yote kichwani. Ilisomwa na watu watatu, mmoja wao nikiwa mimi. Jirani mmoja alisema ni nzuri sana, akaniuliza kama bado ninalo lile sinia kubwa, alikuwa na wageni.

Kwa hiyo siku kundi la wanawake wetu lilipopiga kura kati ya kitambaa cha kushika mkononi na kitambaa cha kwenye picha, nilikuwa nimejifunga mwenyewe. Sikuweza kusema nilichotaka kusema.

Nieleze kwanza kulikuwa na nini.

Kuna msichana ananiita tantine, yaani shangazi. Sikumzaa. Mama yake alikuwa jirani yangu hapa Dzaleka, na kabla ya hapo tulitoka mtaa mmoja Bukavu. Mama yule alipofariki, mtoto alikuwa tayari anajua sukari yangu inakaa wapi, na hakuna aliyeitisha kikao. Alikula, akalala, akasoma, akakua, na mwaka huu kijana wa Kirundi aliyekulia Lilongwe akaja kusema anamtaka. Kijana ni mpole. Tatizo lilikuwa mama yake, mwanamke wa biashara wa mtaa wa Area 18, mwenye nyumba yenye vigae na maneno machache. Alipomwona msichana mara ya kwanza alimtazama vizuri, akamsifu kwa heshima zake, kisha akamgeukia mwanawe mbele yetu sote.

"Mutoto ni muzuri, sina neno," alisema. "Lakini bantu bake bako wapi? Siku ya mahari nitakaa pale niangalie nani? Ukuta?"

Msichana alitazama miguu yake. Tangu siku ile alianza kuongea juu ya harusi yake kama mtu anayeongea juu ya mvua ya mwakani.

Kwetu jibu la swali lile hushonwa. Siku ya mahari, wanawake wa upande wa binti hukaa upande mmoja wa uwanja wakiwa wamevaa kikwembe kimoja, kitenge cha rangi moja na ua moja, kuanzia anayepokea wageni hadi anayeosha sufuria nyuma ya nyumba. Hakuna anayeuliza damu. Ukivaa kitambaa hicho wewe ni shangazi, au mama mdogo, au dada mkubwa, na wakwe wakitazama wanaona ukoo. Nimeona wasichana wasio na mtu hata mmoja duniani wakiolewa mbele ya ukoo mzima wa aina hiyo. Ndicho tulichotaka kumfanyia huyu. Akina mama wa kanisani kwetu, kama dazeni hivi, walikubali bila kubembelezwa. Kilichobaki ni kuchagua kitambaa.

Zamani mambo haya yalikuwa na utaratibu. Mmoja alikwenda mjini, akanunua kipande cha kwanza, akakata ukingoni utepe mwembamba kama kidole. Utepe huo tuliuita eshantiyo. Ulizunguka nyumba kwa nyumba, na kila mwanamke alikwenda sokoni na kipande chake kimefungwa kwenye ncha ya nguo. Ulikuwa utaratibu wa kuchosha. Eshantiyo zilipotea, zilipakwa mawese, watoto waliwavalisha wanasesere. Lakini kijani iliondoka kijani na ilifika kijani.

Mweka hazina wetu ni msichana wa kisasa anayeuza nguo kwa simu bila kuzigusa. Alituma picha kwenye kundi: ua la manyoya ya tausi, rangi nzuri mno. Mama Mkubwa, ndivyo tunavyomwita mwanamke mwenye umri mkubwa kuliko sisi sote, akatuma ujumbe wa sauti, kwa kuwa haandiki.

"Eshantiyo iko wapi?"

"Ba maman, tuko mwaka gani?" mweka hazina akaandika, na nyuma yake safu ya vile vikaragosi vinavyocheka hadi machozi. Wengine nao wakaongeza vikaragosi. Kisha, kwa vile mimi ndiye mwenye miwani, wakaniuliza tantine anasemaje.

Nikaandika: "Picha inatosha." Mtu yeyote angefikiri nimeshikiwa panga.

Kila mmoja alinunua kivyake, kwa siku aliyoweza. Wengine walikwenda Old Town, wengine walimvizia mchuuzi anayeleta vitambaa hapa sokoni, na kila mmoja alisimama mbele ya muuzaji akiwa ameinua simu yake, akilinganisha. Muuzaji alikubaliana na kila mtu. Mimi nilinunua changu na cha msichana pamoja, buluu iliyoiva, nikavifikisha kwa fundi nikijisikia mtu wa karne yake.

Fundi wetu alikuwa na kibanda Bukavu na sasa ana kibanda hapa, kwenye njia ya soko, na mdomo ameuhamisha wote bila kupunguza kitu. Jumamosi mchana alituita kujaribu nguo. Tulimkuta amesimama kando ya meza, mikono kiunoni, amepanga vitambaa vyote mbele yake.

"Ba maman," alisema, "muniambie tu nijue. Iyi ni famille ao ni drapeau?" Ukoo au bendera, ndilo lilikuwa swali lake.

Kulikuwa na buluu. Kulikuwa na kijani. Kulikuwa na zambarau, na si moja tu. Ua lilikuwa lile lile, tausi wale wale, lakini kiwanda kilichowatengeneza kilikuwa kimewapaka rangi zote kilizokuwa nazo. Wakati huo huo kila mwanamke akatoa simu yake, na hapo ndipo niliposhindwa kabisa na dunia hii, kwa sababu kila mwanamke alikuwa sahihi. Kwenye simu yangu tausi walikuwa buluu. Kwenye simu ya mweka hazina walikuwa zambarau. Jirani yangu mmoja, ambaye mwanawe alimwekea mwanga wa njano wa kulinda macho na hakuna aliyejua jinsi ya kuuondoa, alikuwa ameishi miezi katika dunia ya kijani.

"Angalia! Angalia na macho yako!" jirani alimsukumia mweka hazina simu usoni.

"Utengeneze simu mbele ya kutengeneza mudomo."

"Simu yangu ni mupya!"

"Mupya ya nani? Ilikuwa ya bwana yako, na mbele ya bwana yako ilikuwa ya pasta!"

"Pasta anaingia wapi? We njo ulituma picha! We njo mwenye kutuua!" Njo ya kwetu ni ndiye.

Mweka hazina akaanza kulia, akilia huku akitukana, jambo ambalo si rahisi. Mimi, niliyekuja na nia ya kutuliza watu, nilijisikia nikipaza sauti kwamba rangi ni buluu, kwamba mtu yeyote asiye kipofu anaona ni buluu, na kwamba nimesoma. Sijui kusoma kuliingiaje. Fundi aliziomba simu zote, akazipanga juu ya meza, picha ile ile moja ikiwa wazi kwenye kila kioo. Tukainama kutazama. Hatukuwa tumechagua kitambaa kimoja hata siku moja. Kila mtu alikuwa amepiga kura na simu yake.

Tukiwa bado tumeinama akafika Mama Mkubwa, amechelewa kama kawaida, na kitambaa chake kwapani. Akakikunjua. Kilikuwa cha manjano, na juu yake walikuwa kuku. Kuku wakubwa, wenye vifaranga.

"Mama Mkubwa," fundi akasema polepole, "kuku zinatoka wapi?"

"Niliomba eshantiyo, hamkunipa. Njo nikanunua ile mukono yangu ilipenda."

"Lakini bote banavaa tausi!"

"Tausi gani? Na rangi yote ile, mi naona soko ya matomati tu. Na kuku iko na kosa gani? Ulishaona wapi mahari bila kuku?"

Ugomvi ukaanza upya, sasa ukiwa na kuku ndani yake. Watu wa sokoni walisimama kutazama. Mwenye kabaza, teksi ya baiskeli, aliiegesha na abiria akiwa bado amekaa nyuma. Msichana alikuwa kando ya cherehani. Mwanzoni alicheka, nilimwona. Kisha hakucheka tena. Alikuja akanishika mkono.

"Tantine, basi. Nitavaa robe yangu ya kanisa. Mutakaa tu vile muko."

Aliongea kwa sauti ile anayotumia kuniambia hana njaa. Ningependelea matusi.

Jumatatu nikaenda Lilongwe na mweka hazina. Tulikuwa tumeamua kwamba itakuwa buluu, rangi ya binti, na kwamba vitambaa vingine vitauzwa kwa hasara au vitavaliwa jikoni hadi kifo. Nilikata utepe kwenye kipande cha msichana, mwembamba kama kidole, nikaufunga kwenye ncha ya nguo yangu. Sikuona haya. Nilikuwa na hasira mno kuona haya.

Duka la kwanza halikuwa nacho. "Zatha, amayi. Pepani," msichana wa kaunta alisema, vimekwisha mama, pole, bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake. La pili lilikuwa na tausi wekundu. Katika la tatu mwenye duka mwenyewe, mzee wa Kihindi aliyezaliwa mji ule, alichukua utepe wangu akauweka juu ya robota moja baada ya jingine, akitikisa kichwa. Alituambia kwamba siku hizi wateja wanarudi. Waliacha kuja, wakaagiza kwa picha, na sasa wanarudi na vifurushi vyao mkononi wakitaka yeye abadilishe vitu asivyowauzia. Alisema hivyo kwa uchovu, si kwa ushindi. Mwishowe alishusha robota la buluu yetu, tausi wetu, kuiva kule kule.

Nilikuwa karibu kumkumbatia. Mweka hazina akanyoosha mkono kwanza.

Sikuwahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Alisugua ncha, akarudia.

"Tantine," akasema, "iyi ni karatasi."

Kweli kilikuwa chepesi kama gazeti. Ukikishona, mwanamke akiinama kusalimia wakwe kingepasuka mgongoni. Tukakiacha. Lakini mweka hazina hakuacha. Alirudi kwenye robota lingine, akashika. Akaenda kwa lingine. "Shika hii. Unasikia? Unasikia vile inakaa? Na hii, hapana, hii imewekewa wanga, inadanganya." Ananifundisha mimi. Mimi niliyelamba vitambaa vya Old Town kabla yeye hajaota meno! Nilisimama pale na utepe wangu nikimsikiliza akinieleza tofauti ya uzito na ugumu, kama mtu aliyerudi safari ya mbali. Nilimvuta mkono tutoke, akaomba dakika moja, akatoa simu, akajirekodi video ya vidole vyake mwenyewe vikisugua kitambaa.

Kabla hatujafika kituo cha basi alikuwa ameituma. Wateja wake walimwandikia kwa wingi. Wote ghafla walitaka kushika. Aliniambia amepata wazo: atakata vipande vidogo vya kila kitambaa, atavitunga kwenye pete moja ya waya, na atapita nyumba kwa nyumba watu washike kabla ya kulipa.

"Wazo hilo ni lako?" nikamuuliza.

"Lilinikuja tu pale dukani."

"Na pete hiyo utaiitaje?"

Alifikiri. "Nitatafuta jina ya kisasa."

Nilikwenda kukata tiketi. Ningekuwa na panga, na si la kunishikia mimi.

Tukiwa tunasubiri basi lijae, alifungua simu tena kuhesabu sifa zake, na uso wake ukabadilika mara ya pili siku hiyo. Akanipa simu. Kulikuwa na video nyingine. Mtu fulani pale sokoni alirekodi Jumamosi yetu na kuirusha, na ilikuwa imepita kundi hadi kundi. Niliona meza ya fundi. Niliona jirani yangu akimsukumia mwenzake simu usoni. Nilimwona Mama Mkubwa akipeperusha kuku wake. Na katikati niliona mwanamke mzima, miwani imepanda juu ya kichwa, ameinua simu kama pasta anayeinua Biblia, akipiga kelele: "Buluu! Nimesoma! Buluu!"

"Imefika wapi?" nikauliza.

"Tantine, imefika Area 18. Dada ya bwana-arusi ameirusha na yeye."

Nilipofika nyumbani msichana alikuwa amekwisha kuiona. Alikuwa anasonga nsima, na aliisonga vizuri mno, muda mrefu mno. Hakunilaumu. Aliniambia tu kwamba kijana amempigia, kwamba mama yake amejifungia chumbani na simu tangu asubuhi na haongei na mtu, na kwamba tusinunue kitu kingine kwanza.

Siku zilizofuata nilitunga maelezo kichwani. Nilitunga ya Kifaransa, ya Kiswahili safi, nilitunga mengine yenye sehemu tatu na hitimisho. Nilikuwa nitamweleza mama yule jinsi vioo vinavyotofautiana. Nilikuwa nitamweleza kwamba hawa wanawake si wahuni. Usiku na mchana nilikuwa nagombana na mtu ambaye hajanipigia.

Alinipigia Ijumaa, alasiri, nikiwa nje nachambua maharage. Msichana alikuwa amekaa mlangoni. Nilipoona namba nikafungua sauti ili naye asikie, kwa sababu sikutaka kuja kumrudia maneno hayo kwa mdomo wangu.

"Njo tantine ya mutoto?"

"Njo mi, mama. Karibu."

"Ni we uko na lunettes juu ya kichwa?"

Nilifunga macho. "Ni mi."

"Mana yanje," alisema, Mungu wangu, kwa Kirundi. Nilisikia redio ya nyumbani kwake. "Ile video niliiangalia. Nikaiangalia tena. Nikaita ba dada zangu bakuje baangalie."

"Mama, utusamehe. Bile bikwembe, kila simu iko na…"

"Sikuulize juu ya bikwembe. Ule mama wa kuku, ni nani yake?"

Maelezo yangu yenye sehemu tatu yalikuwa yameondoka. "Ni mama mukubwa yake."

"Na ule mwembamba, mwenye kulia na kutukana?"

"Ni dada yake."

"Na ule mwenye kusema simu yake ni mupya?"

"Mama mudogo."

"Ehe." Nilisikia akiizima redio. "Nitakwambia kitu, usikasirike. Mi nilikuwa najua mutatafuta bantu ya kulipa. Hapa Lilongwe banafanyaka vile, unalipa bamama banavaa uniforme, banakaa, banakula, banarudi kwabo. Nilihuzuria mahari ya vile, bote bamevaa sawa, bazuri, na hakuna mumoja alijua jina ya bibi-arusi. Njo maana niliuliza."

"Hatukulipa mtu, mama."

"Nimeona. Bantu ya kulipa habatukanane vile." Alicheka kidogo, kicheko kikavu, kama mtu anayekohoa. "Tutakuja ile tarehe tulisema. Musinunue kitu tena. Bavae bile biko nabyo."

"Hata kuku?"

"Kuku pia. Na we, siku ile lunettes uvae ku macho. Nataka nikusalimie, unione."

Akakata bila kuaga. Msichana alikuwa amesikia kila neno. Alikuja akaketi karibu nami, akachukua ungo wa maharage magotini mwangu akauweka chini.

"Amesema nini?" akaniuliza.

Nikaanza kumrudia, tangu mwanzo.